Nilidhani Ni Vipimo

Mimi ni fundi wa nyumba hapa Labasa, mji wetu wa kisiwani, huu mwaka wa ishirini na saba. Shule niliiacha darasa la saba. Ramani nazisoma kwa mistari na namba. Maneno nawaachia wengine.

Binti yangu Losena yuko kidato cha sita. Mwalimu wake wa uchoraji, Madamu Kamini, alihangaika miaka miwili akiwaandikia wauzaji wa Sydney, mpaka wakaipa shule programu ya kuchora majengo kwa bei ya wanafunzi, bei ambayo hata shule yetu iliimudu. Sharti lilikuwa moja na Madamu alilitilia sahihi: isichorwe kazi ya kulipwa hata moja. Ikichorwa, wanaizima programu kwa shule nzima.

Sharti hilo nililijua. Losena aliniambia nilipomtaka anichoree nyumba ya Viliame, mwenye duka la vipuri. Nikamjibu kwamba sharti ni la Sydney na hapa ni kwetu. Akakataa, nikamlazimisha. Akachora.

Karatasi ilipotoka, chini yake kulikuwa na mstari wa maneno. Losena alinionya kwamba ni alama ya wanafunzi na haifutiki. Nikaukata kwa mkasi, nikatoa nakala, nikapeleka halmashauri kuombea kibali, nikijiona mjanja.

Siku ya tatu ofisa wa ramani aliniita dirishani, foleni imejaa nyuma yangu. Akaweka kidole kwenye ukuta wa jikoni. Kando ya mstari kulikuwa na herufi ndogo ndogo, na kila ukuta ulikuwa nazo. Mimi nilidhani ni vipimo.

"Fundi, hapa pameandikwa nini?"

Nikajipapasa mfuko wa shati, kama ninayetafuta miwani.

"Msomee basi, fundi mkuu," mtu akasema nyuma yangu. "Au miwani umeisahau saiti?"

Wakacheka. Ofisa akasoma mwenyewe kwa sauti: kwa mafunzo tu, si ya biashara. Na jina la shule.

Akapiga simu shuleni. Madamu alipouliza darasani nani kachora, Losena alisimama, akasema ni yeye, kwa tamaa yake, na baba yake hakujua lolote. Akatolewa chumba cha kompyuta zikiwa zimebaki wiki tano afanye mtihani wa uchoraji, na bila mtihani huo chuo hakimpokei. Haya niliyasikia kwa mke wangu. Losena mwenyewe aliendelea kunipakulia chakula, na mimi nikaendelea kula. Siku nne nilimwacha mtoto abebe mzigo wangu.

Siku ya tano nikachukua kifungu cha mizizi ya kava, ile ya kinywaji chetu cha heshima, kama tufanyavyo kuomba radhi mtu akikosa, nikamwendea Madamu. Nilimkuta anafundisha chumba cha kompyuta. Nikamwomba tusogee pembeni.

"Pembeni kuna nini, Baba Losena?" akasema. "Mwanao alisimama hapa hapa."

Akaagiza Losena aitwe kutoka maktaba. Nikaketi sakafuni mbele ya wanafunzi kumi na tisa, nikasema yote: kwamba nilijua, nilimlazimisha, nilikata kwa mkasi, na zile herufi sikuzitambua kwa sababu sijui kusoma vizuri. Hilo la mwisho Losena alikuwa halijui. Nyumbani siku zote nilisingizia macho.

Nikamsogezea Madamu ile kava. Hakuigusa. Alisema wauzaji walitaka jina la mkosaji ili wasiizime programu. Alilopeleka lilikuwa la Losena. Leo, akasema, atalibadili liwe langu.

"Lakini hiyo mizizi si yangu," akasema. "Mpe uliyemkosea."

Kwetu baba hampelekei mtoto wake kava. Niligeuka kwa magoti, nikamwinulia. Kuna msichana alicheka, mwenzake akamfinya. Losena aliipokea kwa mikono miwili, macho kayapeleka ukutani, kama mtu aliyemfumania baba yake akioga.

"Inuka, Baba," akasema polepole. "Watu wanatazama."

Madamu akamwonyesha kiti chake cha zamani, mbele ya kompyuta. Losena akaketi, akaiwasha kompyuta, akaniacha na mgongo wake.

Nikatoka. Nilifika barabarani ndipo nikagundua sina viatu. Nilikuwa nimevivua mlangoni mwa darasa. Nikaona heri niende peku kuliko kupita tena mbele ya dirisha la darasa lile.