Pamba Chini ya Sufu

Asubuhi ya kuwashusha kondoo, jua lilitoka, ukungu ukaingia, mvua ikapiga bati la kibanda, kisha jua likatoka tena. Kahawa ilikuwa bado haijapoa. Wapanda farasi walivaa, wakavua, wakavaa. Mlimani mwezi wa Septemba hakuna aliyejua avae nini juu. Ya ndani tu haikuwa na mjadala: sufu. Pamba ikilowa jasho haikauki, na upepo ukiipata, mtu hutetemeka hata akashindwa kushika hatamu.

Ketill alikuwa mfalme wa mlima, yaani kiongozi wa msako wa kondoo walioachwa mlimani kiangazi chote, tangu bintiye Svanlaug akiwa mtoto. Sheria yake ilijulikana bonde zima: aliyevaa pamba hapandi. Kila mwaka aliwapanga mlangoni, akapenyeza kidole chini ya ukosi wa kila mmoja mpaka kwenye nguo inayogusa ngozi.

"Mzee, kidole au samaki wa barafu?" Dagbjartur, jirani yao, alilalamika.

"Nyamaza. Mwaka juzi ulikuja na fulana ya mpira."

"Na timu ikafungwa. Nimekoma."

Watu wakacheka. Ketill akamgusa Svanlaug shingoni, akaridhika, akaendelea hadi mwisho wa mstari. Kisha akarudi na kumgusa Svanlaug tena, kwa uangalifu uleule.

"Umeshanipima, baba."

"Lini?"

Svanlaug akaanza kuhesabu moyoni. Jana Ketill alikuwa amemwita farasi wake kwa jina la farasi aliyekufa zamani. Wiki iliyopita aliuliza mkewe atarudi saa ngapi, naye yuko kaburini tangu masika. Kila jambo, likiwa peke yake, halikuthibitisha kitu.

"Haya, zamu yako," Svanlaug alisema, kama mzaha, akapenyeza kidole chini ya ukosi wa babake. Sweta. Shati. Kisha kitambaa laini, chenye joto la kitandani bado: fulana yake ya kulalia.

"Baba," alinong'ona, "ni pamba."

Ketill akajigusa mwenyewe. Kidole kilikaa pale muda mrefu.

"Nitabadilisha. Dakika moja tu."

Fulana ingebadilika kwa dakika moja. Lile "lini?" lisingebadilika. Huko juu kulikuwa na makorongo na ukungu, na watu hawa wangemfuata popote atakapoelekeza.

"Dagbjartur hukumwambia abadilishe," Svanlaug alisema kwa sauti. "Ulimrudisha mpaka bondeni."

"Eti nini?" Dagbjartur akadakia. "Mfalme kavaa pamba? Jamani, leo nimelipwa haki yangu!"

Kicheko kikalipuka. Ketill naye alicheka, akichelewa kidogo kuliko wenzake. Akamkabidhi binti yake fimbo ya kiongozi.

"Aliyevaa pamba hapandi," alisema. "Nitapika supu."

Wakapanda. Jua lilichoma, Svanlaug akavua koti. Upepo ukageuka, akalivaa. Akalifungua, akalifunga, na kila mara aligeuka kutazama kibanda. Mara ya mwisho alimwona Ketill nje, bila sweta wala shati, ile fulana nyeupe ikipepea. Alikuwa anatazama bondeni, kana kwamba anamngoja mtu. Mvua yenye theluji ilikuwa imeanza.

"Dagbjartur, rudi kwa mzee."

"Nirudi? Na ukingo wa mto ataushika nani? Kondoo watavuka."

"Watavuka."

"Wengi ni wa kwenu, dada. Mkiwakosa leo, theluji itawamaliza."

"Najua. Mvalishe. Sufu ndani, halafu sweta, koti mwisho. Na usimwache peke yake na jiko."

Dagbjartur alifungua kinywa atanie. Akamtazama usoni, akageuza farasi.

Svanlaug alifunga koti mpaka kidevuni, akainua fimbo, akawaelekeza waliobaki kushoto, mbali na mto.