Magoti ya Wageni wa Heshima

Nasikia wanasherehekea mwaka mmoja tangu mapigano mseto, yale ya ngumi, mateke na mieleka, yaanze mjini kwetu. Washerehekee. Mimi nakumbuka mlango.

Promota alikuwa muuza magodoro. Hajawahi kula hata kibao maishani, lakini siku ya kwanza ukumbini alitusimamisha sisi makocha akatufundisha maana ya ujasiri. Kizimba chake cha wavu, cha kupigania, kilitengenezwa na fundi wa mageti, na fundi akakiwekea mlango kama alivyozoea majumbani: wa kufungukia ndani.

"Bosi, geuza bawaba," nikamwambia. "Mtu akianguka hapo mlangoni, daktari atapita wapi?"

"Ukifungukia nje utawagonga wageni wa heshima magotini, kocha."

Magoti. Mwaka mzima nilimwimbia hilo, naye mwaka mzima alinichekea. Akanibandika jina, Mzee Bawaba, na vijana wangu mwenyewe wakalidaka.

Pambano la kufunga mwaka akapanda mpwa wangu, niliyemlea tangu anaota meno. Mpinzani wake, dereva wa winchi, akamnyanyua akambwaga. Shingo ikatangulia. Akabaki chini hivyo hivyo, mwili umeubana mlango.

Daktari akausukuma. Haukwenda.

"Msimvute," akasema kupitia wavu. "Shingo hiyo, mkimvuta mnamuua."

"Makofi kwa mashujaa wetu," promota akasema kwenye kipaza sauti.

Yule dereva akalala kifudifudi kando ya mpwa wangu, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama daktari alivyomwelekeza. "Tulia, ndugu yangu. Usinijibu, tulia tu." Fundi wa mageti akaja na spana, akafungua nati za fremu taratibu, bila kugonga. Ili mlango utolewe kwa nje, wageni wa heshima ilibidi wasogeze viti. Wakasogeza wakinung'unika, magoti yao mazima.

Asubuhi, hospitalini, mpwa wangu alichezesha vidole vya miguu.

"Mjomba, nilishinda?"

"Ulipigwa vibaya sana."

Akacheka kwa macho tu. Shingo ilikuwa imefungwa.

Mara nikasikia sauti ya promota koridoni, akimwelekeza mpiga picha asimame wapi na shada la maua lishikwe vipi. Akabisha. "Mzee Bawaba, tufungulie, tumekuja kumpa pole shujaa wetu."

Mlango wa chumba kile ulikuwa wa kufungukia ndani. Nikavuta kiti, nikakaa, nikauegemea kwa mgongo wote.