Diski Iliyokataa

Mume wangu hadanganyi, hasengenyi, hakoromi. Kasoro yake ni moja tu: hawezi kutupa kitu. Kikiingia kitu kipya nyumbani, cha zamani hukipangusa, hukitia kwenye sanduku la kile kipya na kukihifadhi kabatini, eti sanduku zuri lisiende bure. Mpwa wangu aliwahi kuondoka hapa akishangilia pasi ya zawadi niliyomtolea kabatini kwa mkono wangu mwenyewe. Alipofika kwake akakuta ni ile pasi yetu iliyoungua, safi, inang'aa. Nilinuna wiki nzima. Mwenzangu alisema tu, "Si ungefungua uangalie?"

Tabia hiyo ndiyo iliyotaka kutumaliza Jumamosi ile.

Tuna karakana ya kudarizi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, mashine mbili na rafu za nyuzi hadi darini. Tunatia nembo kwenye sare za shule, makoti ya wauguzi, kofia za timu. Mashine zenyewe hazijui lolote. Huongozwa na michoro iliyomo kwenye kompyuta, na michoro yote hiyo aliichora mume wangu kwa miaka kumi na moja, mshono kwa mshono. Mwaka juzi mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari alitupa dawa na jina la ugonjwa, wala mkono haukurudi ulivyokuwa. Kuchora hawezi tena. Mimi najua kubadilisha nyuzi, kupiga pasi na kugombana na wateja, kuchora sijui. Kwa hiyo kazi yote ya mkono ule ilikuwa ndani ya kompyuta moja, na haikuwa na nakala mahali pengine popote. Mdogo wake, shemeji yangu, ni fundi wa kompyuta, na alimwambia mara mia atengeneze nakala. Jibu lilikuwa kesho. Kesho haikufika.

Kompyuta ikajaa. Ilianza kwa uzito, ikawa inachukua nusu saa kuwaka, mwisho ikasema waziwazi kwamba nafasi imekwisha na programu ya michoro haifunguki. Kampuni iliyoitengeneza programu hiyo ilifungwa zamani, hivyo hatukuwa na pa kuinunua tena. Shemeji akasema dawa ni moja: kuhamisha kila kitu kama kilivyo, mfumo wa kompyuta, programu na michoro, kutoka diski ya zamani kwenda diski kubwa zaidi.

"Tunahama na nyumba yenyewe, kuta na yote," akasema.

"Wewe hama tu, shem. Ukivunja hata kikombe kimoja, hutakula kwangu tena."

"Basi navunja vyote, nipumzike na wali wako."

Alifika asubuhi na begi lake. Akafungua kompyuta kwa bisibisi, akaichomoa diski ya zamani na kuiweka mezani. Akaitoa mpya kwenye sanduku lake, akatuonyesha, akailaza kando ya ile nyingine. Zilikuwa za kampuni moja, nyeusi, bapa, kila moja inaenea kiganjani. Ya zamani ilibeba gigabaiti mia moja na ishirini, mpya elfu moja, lakini namba hizo ziliandikwa kwa nyuma, ndogo kama mayai ya chawa. Alikuwa ameshaandaa nyaya mbili za kuziunganisha na laptopu yake simu ilipolia. Akatoka uani kumtuliza mteja. Mimi nikaingia jikoni kuchemsha chai.

Mume wangu akabaki peke yake na diski mbili na sanduku tupu. Hapo sina haja ya kueleza.

Shemeji alirudi simu ikiwa imebanwa kati ya bega na sikio, bado anamwambia mtu azime awashe tena. Akafungua sanduku, akatoa diski iliyokuwemo, akaiunganisha upande wa kupokea. Iliyobaki mezani akaiunganisha upande wa kutoa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na vikombe, nayaona yote, na sikuona kitu.

"Inauliza," akasema baada ya kukata simu. "Kila kilichomo kwenye diski ya kupokea kitafutwa kabisa. Una uhakika?" Akacheka. "Diski mpya ina nini cha kufutwa?" Akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza mara ya pili. Akabonyeza ndiyo.

Kioo kikatoa mstari mwekundu.

"Imekataa. Inasema diski ya kupokea ni ndogo kuliko ya kutoa." Akakuna kichwa, akasoma tena, kisha uso ukambadilika. "Yule mwenye duka kaniuzia diski ya bandia. Kaandika elfu moja, kumbe ndani hamna kitu. Leo atanitambua." Tayari alikuwa anatafuta viatu vyake.

Mume wangu alikuwa kwenye mashine, anaviringisha uzi. Kibiringo kikamponyoka, kikazunguka sakafuni mpaka chini ya meza, wala hakukifuata.

"Diski umeitoa wapi?" akauliza.

"Kwenye sanduku lake, kaka. Kwani mpya inakaa wapi?"

Niliiona ile pasi. Nikaweka vikombe chini kabla sijaviangusha. "Umeipangusa?" nikamuuliza.

"Ilikuwa na vumbi," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Shemeji akachomoa nyaya zote mbili kwa pamoja. Akaigeuza diski ya kwenye sanduku, akaisogeza karibu na macho, akaiweka chini taratibu, halafu akakaa sakafuni na kiatu kimoja mguuni. "Nimebonyeza ndiyo mara mbili," akasema.

Niliogopa kumtazama mume wangu, lakini nikamtazama. Alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Niliwaza kuwa maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba nembo ya kila shule ya mji huu imefutwa na kitambaa cha kupangusia vumbi.

"Angalia, shem," nikasema. "Angalia tujue."

Akaiunganisha upya, diski ya zamani peke yake. Akafungua. Majalada yakajipanga kwenye kioo, shule, hospitali, timu, mwaka hadi mwaka. Akafungua moja katikati, likafunguka. Akafungua la mwisho, likafunguka.

"Vipo," akasema. "Vyote vipo. Imekataa kabla haijagusa kitu, kwa sababu kikubwa hakienei kwenye kidogo. Zingekuwa sawa kwa ukubwa, sasa hivi tungekuwa matangani."

Nilitaka kuwagombeza wote wawili na maneno ninayo ya kutosha, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, na baada ya kicheko machozi. Mume wangu alikuja akasimama karibu nami. "Nilidhani nimejifuta mwenyewe," akasema. Nikamwambia anyamaze, kisha nikamshika kiuno mbele ya mdogo wake, jambo ambalo sifanyi.

Kuanzia hapo shemeji alifanya kazi kama mtu aliyeungua na uji. Kwanza alitoa nakala ya michoro yote kwenye flashi na kuitia mfukoni mwake. Akabandika karatasi juu ya kila diski, akaandika namba kubwa kwa kalamu nene, akatulazimisha kila mmoja azisome kwa sauti. Hakuna aliyeruhusiwa kusafisha chochote. Kunakili kulichukua saa mbili na robo, na simu zote alizozipokea aliwajibu watu "baadaye".

Alipoifunga diski mpya na kuwasha, kompyuta iliwaka kabla sijamaliza kumimina chai. Programu ya michoro ikafunguka, majalada yake yote ndani. Mimi nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu mwezi uliopita. Shemeji alikula sahani mbili za wali na kuondoka bila kuusema vibaya.

Mume wangu alibaki mbele ya kioo. "Nafasi yote hii," akasema. "Gigabaiti mia nane na kitu, tupu. Za nini, na mimi sichori?"

Kwa miaka miwili sikuthubutu kumwomba anifundishe, nikiogopa atadhani namzika mkono akiwa hai. Siku ile nilikuwa nimeshaogopa kitu kikubwa zaidi. Nikavuta stuli, nikakaa ubavuni pake, nikashika kipanya. "Nionyeshe," nikamwambia. "Mshono wa kwanza unaanzia wapi?"

Akasogeza kiti chake karibu. Halafu akaweka mkono wake wa kulia juu ya wangu, na tukavuta mstari. Ulitoka umepinda vibaya. Akauangalia kwa muda, akacheka, akasema tufute tuanze tena.