Kicheko cha Bosi
Mimi ni katibu muhtasi wa yule bwana aliyenunua nyumba zote kongwe za mtaa wetu, pamoja na chumba nilichozaliwa. Juzi aliniita niandike barua kwa wapangaji.

“Andika kila ninachotamka, usiruke hata neno,” aliniambia, kisha akaanza: “Tutakarabati nyumba zote. Kodi…” Akacheka. “Ha! Itapanda.”

Niliandika vilevile alivyotamka. Akapiga saini na muhuri bila kusoma, maana alikuwa anawahi chakula, nami nikaenda kubandika nakala kwenye kila mlango.

Leo uani hapakaliki! Mama mdogo amepiga vigelegele mpaka sauti imemkauka, fundi viatu anacheza na nyundo yake mkononi, na kila anayefika anasomewa upya: “Kodi haitapanda!”

Mara bosi huyo, mbio, jasho linamtiririka, barua mkononi. Akanifokea mbele ya watu wote: “Mimi nilisema itapanda!”

“Ulianza na kicheko, bosi,” nikamjibu. “Nacho nimekiandika.”