Mkono wa Numasia

Bibi Rutila alifika mji wa Gabii asubuhi, miguu imejaa vumbi, na kabla hajamsalimia mtu akaenda moja kwa moja kwenye jaa la taka. Msimcheke. Mwingine akimtafuta mwanawe huwauliza watu. Rutila alikuwa mfinyanzi, mama yake mfinyanzi, na katika maisha yake alikuwa ameona watu wengi waongo lakini hajaona chungu kinachodanganya.

Aliyekuwa anatafutwa ni binti yake, Numasia. Huyu aliondoka nyumbani na kijana mchunga kondoo wa hapo Gabii, jina lake Vibe, na mama mtu akampigia kelele mbele ya majirani kwamba akivuka kijito asithubutu kurudi. Hasira hizo! Ulimi ukishaponyoka, utaushika wapi? Tangu siku ile hakuna salamu wala habari. Nacho kijiji chao kule bondeni kilikuwa kinakwisha. Nyumba baada ya nyumba ilifunga virago ikahamia huku juu Gabii, kando ya ziwa, ambako Walatini wa kila upande walikuwa wanajazana nyuma ya boma la udongo. Rutila alibaki na mbuzi wake na jirani mmoja kiziwi. Akaapa atamrudisha mwanawe nyumbani, hata kama itabidi ampigie magoti.

Sasa katika umati ule angemwonea wapi? Ni kwenye vyungu. Numasia ni wa mkono wa kushoto. Ile michirizi ya shingoni mwa chungu, ambayo kila mwanamke huilaza kulia, yeye huilaza kushoto. Mama yake alimgombeza kwa hilo utoto mzima, na leo alikuwa anaiombea michirizi hiyohiyo aione.

Akachutama, akaanza kufukua kwa kijiti. Vigae vya chini vilikuwa vya zamani kidogo, vyeusi, vizito, vilivyofinyangwa kwa mkono. Hiki chenye kishikio cha pembe mbili ni cha watu wa mlima Alba. Hiki chenye vitone ni cha wale wa mto Anio, wabishi wale.

"Ehe! Kumbe na nyie mmekuja," Rutila akakiambia kigae.

Kila kijiji alichopata kukijua kilikuwa mle, kimevunjika na kuchanganyikana na mifupa ya nguruwe. Lakini kadiri alivyochambua taka za juu, za karibuni, vigae vilikuwa vyekundu, vyembamba, midomo imelingana yote. Akavigeuza na kuvigeuza. Hakuona alama ya kidole cha mtu yeyote, si wa kushoto wala wa kulia.

Mwanamke mmoja mnene alikuja kumwaga majivu, akasimama akimtazama.

"We bibi, umepoteza nini humo? Au kwenu mnakula vigae?"

"Kwetu tunakula watu wasio na adabu kwa wakubwa," Rutila akamjibu bila kuinua kichwa. "Hivi vyekundu ni vya nani?"

Yule mama akacheka mpaka akaliweka chini kapu lake. "Vya Larke, bibi, yule mgeni wa ng'ambo ya mto Tiberi. Ana gurudumu la mfinyanzi. Anafinyangia mji mzima."

"Mji mzima! Na nyie wanawake mikono yenu ina kazi gani?"

"Tunasokota sufu. Halafu tunapumzika. Kwani wewe hupumziki?"

Rutila hakucheka. Kama huku hakuna mwanamke anayefinyanga tena, basi Numasia naye ameacha, na mkono aliokuja kuutafuta haupo. Aliogopa kweli, akajiona mzee na mjinga, amechutama kwenye taka za watu. Akajikung'uta, akauliza njia ya kwa huyo Larke.

Alimkuta kibandani, gurudumu linazunguka, udongo unapanda wenyewe kati ya vidole vyake. Rutila akataka kuudharau ufundi ule, akashindwa. Ulikuwa mzuri, na ulimuudhi kwa uzuri wake.

"Karibu, mama. Unataka mtungi?"

"Namtaka mtu. Msichana wa mkono wa kushoto. Kwao ni bondeni, ni mwanangu."

Larke akaliacha gurudumu lisimame lenyewe. "Alikuja hapa majira ya baridi," akasema polepole. "Nilimpa achague mtungi wowote, bure. Akakataa. Akaniomba udongo tu, akakaa palepale uliposimama, akafinyanga chungu chake kwa mkono. Nikamchomea tanuruni."

"Alilaza michirizi kushoto?"

"Kushoto, mama."

Rutila akapiga makofi. "Mwanangu huyo! Mji mzima umelegea, yeye bado! Anakaa wapi?"

"Nyumba ya mwisho, karibu na handaki la boma." Larke alitaka kuongeza neno, lakini bibi alishatoka, anakwenda mbio kama mtu aliyeitiwa sherehe.

Numasia alikuwa mlangoni anasokota sufu. Alipomwona mama yake, kijiti cha kusokotea kilimdondoka mkononi.

"Mama."

"Ndiyo mimi. Mbona umekonda hivyo?" Njia nzima Rutila alikuwa amepanga maneno, na yote yakapotea. "Mwanangu, nilikosa. Yale niliyosema siku ile, nimekuja kuyafuta. Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani," Numasia akasema, machozi yanamtoka. "Nilidhani wewe ndiye hujanisamehe mimi."

Wakalia wakakumbatiana, kisha wakaingia ndani, binti akapakua uji wa ngano na maharage. Vyombo vyote mle vilikuwa vyekundu, vya Larke. Rutila aliviona, akavuta bakuli lake.

"Haya, kula tufunge mizigo," akasema. "Mbuzi wamekaribia kuzaa. Twende nyumbani."

"Siwezi, mama."

"Mumeo anakukatalia?"

"Vibe? Angekuja nasi hata leo. Mimi ndiye siwezi."

Rutila alimjua mwanawe, ukimsukuma anakaza shingo. Akajaribu upande mwingine. "Basi angalau nionyeshe kile chungu ulichofinyanga kwa Larke. Nione kama bado unakosea mdomo."

Numasia akaweka bakuli chini. Akatoka, akazunguka nyumba mpaka upande wa handaki, mama yake nyuma yake. Chini ya ukingo wa paa hapakuwa na kitu. Palikuwa pamefagiliwa vizuri tu.

"Kiko wapi?" Rutila akauliza, akisogea ukutani.

"Rudi nyuma kidogo, mama. Usimkanyage."

Rutila akasimama pale alipo. Hakuhitaji kuelezwa. Mtoto aliyefariki kabla ya kuota meno hapelekwi makaburini kwa wakubwa. Anawekwa kwenye chungu, anazikwa kando ya ukuta wa nyumba yao, chini ya paa, asiwe mbali na watu wake. Yeye mwenyewe alishawazika wawili hivyo.

"Mdomo uliupanua?" akauliza.

"Niliupanua. Sikutaka kumkunja." Numasia alikuwa anaangalia chini. "Larke ana mitungi mizuri, mama, mizuri kuliko yetu. Ila nilisema asilale kwenye chungu cha mtu asiyemjua."

Rutila akaketi chini, mgongo ukutani, akalia kwa sauti. Alimlilia mjukuu aliyezaliwa na kuzikwa yeye akiwa kule bondeni amenuna. Numasia akaketi karibu naye. Alipotulia, bibi akaweka kiganja juu ya ile ardhi iliyofagiliwa, akakiacha pale muda mrefu. Habari ya kurudi nyumbani hakuitaja tena.

"Mwambie Vibe," akasema mwishowe, akijipangusa uso kwa upindo wa nguo yake, "kesho aende bondeni akaniletee mbuzi wangu."