Bomba la Mama

Mama ananiita Meneja tangu nikiwa darasa la pili, na wala si sifa. Nina kimbelembele, nakiri. Basi alipokwenda kwa mama mdogo wiki tatu, nikamwambia kaka yangu, "Huu ndio wakati. Tumtengenezee nyumba, akirudi apigwe na butwaa."

Nyumba yenyewe ni ya zamani, kwenye mtaa uliotulia, kila boma limezungushiwa ua wa miti iliyokatwa usawa wa kiuno, kila baraza ina mstaafu na gazeti lake. Na mama alikuwa mkaidi kuhusu nyumba ile, jamani! Kiti kisisogezwe. Kopo la chumvi lisihame rafu. Bomba la uani lilivuja tone tone mwaka wa pili huo, na nikitaja fundi ananijia juu: "Niachie bomba langu!" Nikimsihi ahamie kwangu ndiyo ugomvi kabisa. "Hapa nitatoka nimebebwa, Meneja."

Nikasema ni uzee tu. Tukang'oa miti ya ua, tukajenga ukuta nje kabisa, mpakani. Tukabomoa ukuta wa kati ya sebule na jiko. Makochi mapya, meza ya kioo, vigae vya kung'aa. Bomba bovu nikaamuru ling'olewe, jipya liwekwe upande wa stoo.

Siku ya kurudi nilisimama mlangoni na simu, nimrekodi akishangaa. Akaja ameshikana mkono na mama mdogo. Ndani ya geti akanyoosha mkono wa kushoto, akashika hewa.

"Tumekosea nyumba," akasema. Tukacheka.

Akaingia peke yake, hatua nne, kiganja kimetangulia kutafuta ukuta tulioubomoa. Goti likagonga ile meza, akaenda chini mzimamzima.

"Mama, meza yote hiyo huioni?" nikafoka. Mungu anisamehe, nilifoka.

Mama mdogo ndiye aliyejibu. "Haoni. Mwaka wa pili sasa. Alitukataza kukwambia, maana ungemhamisha siku hiyohiyo."

Kila Jumapili alikuwa akinimiminia chai, haimwagiki hata tone. Akinishika mkono ananiambia nimekonda, nami naona raha kwamba mama yangu ananitazama. Macho yangu mazima hayakuona kitu.

Wiki nzima tulihangaika. Tukarudisha kiti chake, makopo yake. Akaanguka mara mbili tena, akawa hatoki chumbani. Mwishowe nikachukua spana, nikalilegeza lile bomba jipya mpaka likaanza kudondosha. Nikamkalisha barazani.

"Mama, sikiliza!"

Akainua kichwa, akatabasamu. Akanyoosha kidole kushoto, lilikokuwa bomba la zamani. Tone likadondoka kulia. Kidole kikabaki pale pale, tabasamu likayeyuka.

"Hilo si langu," akasema. "Hilo likinipeleka, sijui nitafika wapi."

Nikaanza kulia kwa sauti. Akanipapasa uso mpaka akayapata machozi, akayafuta.

"Haya, Meneja. Nipeleke kwako."

Maneno hayo niliyadai miaka, ningeweza kuyarudisha ningeyarudisha yote. Nikamshika mkono, tukashuka ngazi, tukavuka uwanja. Kwenye geti akasimama, akanyoosha tena mkono wa kushoto, akapapasa ilipokuwa miti ya ua.

"Tumeshatoka?" akauliza.

Nikamwambia tumeshatoka.