Malkia Apite Wapi

Ndayisenga hakumpa mtu telekomande ya televisheni. Filamu yenyewe ilikuwa ya zile zinazomwachia mtazamaji aamue hadithi iende wapi, na sebuleni kwake, hapo Gisenyi, mtazamaji alikuwa yeye na wadogo zake wawili wa kiume. Dada yao Illuminée, aliyekimbia kutoka kwa mumewe wiki iliyopita na jicho lililovimba, alikaa mkekani akichambua maharage.

Kwenye skrini, malkia alikuwa amefika kwenye lango la ikulu. Mumewe, mfalme anayegeuka joka kila akikasirika, alikuwa bado amelala. Picha ikasimama, ikauliza: malkia akimbilie mlimani, au arudi ndani?

"Arudi," Ndayisenga akasema. "Mwanamuke wa mutu anarudi kwake, bon." Wadogo zake wakaitikia. Akabonyeza.

Joka likammeza malkia mzima mzima, na taji lake kichwani.

"Mujinga kabisa!" Ndayisenga akafoka. "Mulango iko wazi, bwana ni joka, sasa anarudia nini?"

Wakamcheka malkia hadi machozi yakawatoka, kisha wakairudisha filamu nyuma na kumchagulia mlima. Malkia akapona. Wakapiga makofi kama vile wao ndio waliombeba mgongoni.

Ndayisenga, tabasamu bado usoni, akamgeukia dada yake. "Umefunga vitu vyako? Shemeji anakuja kukuchukua kesho asubuhi."

"Nipe kwanza hiyo telekomande," Illuminée akasema.

Wakacheka tena, wakidhani anatania.